Taekwondo ya Timu: Hesabu ya Wanaume na Wanawake, na Nafasi ya Wilaya ya Kibiti

Mashindano ya kimataifa ya timu katika mchezo wa taekwondo ni yale ambayo nchi hushindana kwa kikosi kizima badala ya mchezaji mmoja mmoja. Kunakuwa na kikosi cha wanaume, kikosi cha wanawake na, katika miaka ya karibuni, kikosi mseto chenye wanaume na wanawake kwa pamoja. Kombe la Dunia la timu lilifanyika Bangkok, Thailand, mwaka 2006, na tangu hapo limepokelewa na miji ya mabara mbalimbali, ikiwemo Baku nchini Azerbaijan mwaka 2009, Urumqi nchini China mwaka 2010, Querétaro nchini Mexico mwaka 2014, Fujairah katika Falme za Kiarabu mwaka 2018 na Wuxi nchini China mwaka 2019. Afrika imelipokea mara mbili, mwaka 2013 na Desemba 2017, na mara zote mwenyeji alikuwa jiji la Abidjan, Côte d'Ivoire.

Kwa mkazi wa Kibiti au wa visiwa vya delta ya Mto Rufiji, habari za Abidjan na Baku zinaweza kuonekana mambo ya mbali. Hata hivyo, utaratibu wa mashindano ya timu ndio unaoifanya wilaya kuwa na uzito. Katika mashindano ya mchezaji mmoja mmoja, nchi inaweza kujivunia kijana mmoja mwenye kipaji, aliyelelewa katika klabu moja ya mjini, na ikarudi na medali. Katika mashindano ya timu, kijana huyo ni mmoja kati ya watano. Wanne waliobaki lazima watoke mahali, kila mmoja kwa uzito wake, na nusu ya hesabu yote ni wanawake.

Jina la mchezo limetokana na maneno matatu ya Kikorea yenye maana ya mguu, ngumi na njia. Shirikisho lake la dunia liliundwa jijini Seoul tarehe 28 Mei 1973, mwaka uleule ambao mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika katika jiji hilo yakiwa ya wanaume pekee. Wanawake waliingia katika mashindano ya dunia mwaka 1987 jijini Barcelona, Hispania. Mwaka uliofuata taekwondo ilioneshwa katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul kama mchezo wa maonesho, na kuanzia Sydney mwaka 2000 ikawa mchezo kamili wa medali, ikiwa na madaraja manne ya uzito kwa wanaume na manne kwa wanawake. Usawa huo wa idadi umeendelea hadi Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024. Tangu mwaka 2017 shirikisho hilo linatumia jina la World Taekwondo.

Namna ya kuhesabu pointi si ngumu kuifuata kwa anayetazama kwa mara ya kwanza. Ngumi inayotua barabara kwenye kinga ya kifua ina pointi 1. Teke la kifuani lina pointi 2 na teke la kichwani lina pointi 3. Mchezaji akizungusha mwili kabla ya kupiga, teke la kifuani hupanda hadi pointi 4 na la kichwani hadi pointi 5. Ngumi ya kichwani hairuhusiwi. Kosa, kama vile kutoka nje ya uwanja, kuanguka au kumshika mpinzani, humpa mpinzani pointi 1. Kinga ya kifua na ya kichwa zina vihisi vya umeme vinavyopokea nguvu ya pigo kutoka kwenye soksi maalumu za mchezaji, na matokeo huonekana papo hapo kwenye ubao. Waamuzi wa pembeni huthibitisha ngumi na mizunguko, na kocha ana haki ya kuomba marudio ya video. Uwanja wa mashindano makubwa una umbo la pembe nane. Mchezaji mmoja huvaa rangi ya buluu na mwingine nyekundu, katika mizunguko mitatu ya dakika mbili mbili.

Katika mashindano ya timu sheria za pigo hazibadiliki, ila mpangilio ndio unaobadilika. Kanuni za mfumo wa watu watano ziligawa wanaume katika uzito wa chini ya kilo 54, chini ya 63, chini ya 72, chini ya 82 na zaidi ya 82. Wanawake waligawanywa katika chini ya kilo 47, chini ya 54, chini ya 61, chini ya 68 na zaidi ya 68. Kila mchezaji hukutana na wa uzito wake katika timu pinzani, na timu yenye mapambano mengi ya ushindi ndiyo inayosonga mbele. Nchi isiyo na mwanamke wa zaidi ya kilo 68 huingia ukumbini ikiwa imekwisha poteza pambano moja.

Baadaye ukaja mfumo wa kupokezana, ambao watazamaji wengi wanaupenda zaidi. Kwanza wachezaji wa timu mbili hukutana mmoja mmoja kwa zamu. Kisha mlango wa mabadiliko hufunguliwa: kocha humtoa mchezaji aliyechoka au anayezidiwa na kumwingiza mwingine, na pointi zote hujumlishwa katika ubao mmoja hadi mwisho. Katika kikosi mseto wanawake hupambana na wanawake na wanaume hupambana na wanaume, lakini pointi zao huingia katika hesabu moja. Timu inayotegemea wanaume wake wawili hodari inaweza kuongoza kwa muda mrefu, kisha ikaporomoka wanawake wanapoingia.

Mfumo huu pia humpima kocha. Anapaswa kujua ni nani atakayestahimili zamu ya pili, nani apumzishwe na nani aachwe uwanjani ingawa anapigwa, kwa sababu mpinzani wake naye yuko hoi. Maarifa hayo hujengwa kwa kukaa na kikosi kizima kwa muda mrefu.

Mfano wa Côte d'Ivoire unastahili kutazamwa kwa undani. Mchezo uliingia nchini humo mwishoni mwa miaka ya 1960 kupitia mwalimu kutoka Korea, Kim Young-tae, na kwa miongo iliyofuata ukasambaa kupitia klabu za mitaa na za miji ya mikoani hadi kuwa miongoni mwa michezo yenye wachezaji wengi nchini. Abidjan ilipopewa mashindano ya timu mwaka 2013, nchi hiyo ilikuwa bado haijapata medali ya dhahabu ya Olimpiki katika mchezo wowote. Medali hiyo ilipatikana Rio de Janeiro mwezi Agosti 2016. Cheick Sallah Cissé, mzaliwa wa Bouaké, mji wa ndani ulio mbali na pwani, alikuwa nyuma kwa pointi 6 kwa 4 dhidi ya Lutalo Muhammad wa Uingereza katika fainali ya uzito wa chini ya kilo 80. Ikiwa imebaki sekunde ya mwisho, Cissé alizunguka na kumfikia mpinzani wake kichwani. Kwa kanuni za wakati huo pigo hilo lilikuwa na pointi 4, na pambano likaisha 8 kwa 6.

Katika michezo hiyo hiyo ya Rio, Ruth Gbagbi wa Côte d'Ivoire alitwaa medali ya shaba kwa wanawake wa chini ya kilo 67. Mwaka 2017 alikuwa bingwa wa dunia huko Muju, Korea Kusini, na katika Olimpiki ya Tokyo akaongeza shaba nyingine. Cissé naye alirudi na shaba kutoka Paris mwaka 2024, safari hii katika uzito wa zaidi ya kilo 80. Mtu anaweza kudhani kwamba nchi hiyo ilibahatika kupata vipaji viwili kwa wakati mmoja. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba ilikuwa na kundi kubwa la wanaume na wanawake waliokuwa wakipimana nguvu kila wiki, hivyo bingwa wake hakukosa mtu wa kumsumbua mazoezini.

Nchi nyingine za Afrika nazo zimepanda jukwaani. Anthony Obame wa Gabon alipata fedha London mwaka 2012, ikiwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yake. Abdoulrazak Issoufou wa Niger alipata fedha Rio. Hedaya Malak wa Misri alipata shaba Rio na Tokyo, na Firas Katoussi wa Tunisia alitwaa dhahabu Paris.

Afrika Mashariki si ngeni katika mchezo huu. Taekwondo iliingizwa katika Michezo ya Afrika mwaka 1987, michezo iliyofanyika Nairobi. Kenya ilipeleka wachezaji wawili wa taekwondo katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, mwanamke Mildred Alango na mwanaume Dickson Wamwiri, na katika Olimpiki ya Tokyo iliwakilishwa na Faith Ogallo katika uzito wa zaidi ya kilo 67. Julai 2022 Kigali ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya ubingwa wa Afrika, jambo lililowapa wachezaji wa ukanda huu fursa ya kushindana bila gharama ya kuvuka bara.

Mfano mwingine wa Rwanda unahusu mazingira magumu zaidi. Katika kambi ya wakimbizi ya Mahama, mashariki mwa nchi hiyo, mkimbizi kutoka Burundi, Parfait Hakizimana, ambaye mkono wake mmoja uliathiriwa na jeraha la risasi tangu utotoni, aliendelea na mazoezi ya taekwondo na kuwafundisha wakimbizi wenzake, wakiwemo watoto. Mwaka 2021 alishiriki Michezo ya Paralimpiki ya Tokyo katika kikosi cha wakimbizi, mara ya kwanza kwa taekwondo kuwemo katika michezo hiyo. Mfano wa Mahama unaonesha kwamba darasa la taekwondo linaweza kuanza bila ukumbi mkubwa na bila vihisi vya umeme. Vifaa hivyo vinahitajika siku ya mashindano. Mchezaji anayeanza anahitaji mwalimu, sehemu tambarare na kinga za msingi.

Nchini Tanzania, usimamizi wa michezo upo chini ya Wizara yenye dhamana ya michezo kupitia Baraza la Michezo la Taifa (BMT), lililoundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967 na marekebisho yake ya mwaka 1971. Kwa upande wa Zanzibar lipo Baraza la Taifa la Michezo Zanzibar. Klabu inayotaka kutambuliwa husajiliwa kwa mujibu wa sheria, na kwa mwananchi wa wilayani mlango wa kwanza ni Ofisi ya Afisa Michezo wa Halmashauri. Waombaji huwasilisha katiba ya klabu, muhtasari wa kikao cha kuanzisha klabu, na majina ya wanachama na viongozi. Klabu iliyosajiliwa ndiyo inayoweza kujiunga na chama cha mchezo katika ngazi ya mkoa na taifa, na timu inayokwenda nje ya nchi kwa jina la Tanzania hupata kibali cha BMT na kukabidhiwa Bendera ya Taifa kabla ya kuondoka.

Usajili hupuuzwa na vikundi vingi vya vijana kwa kuonekana ni kazi ya makaratasi. Ukweli ni kwamba bila huo mchezaji hana njia. World Taekwondo haimpokei mchezaji anayejileta mwenyewe. Humpokea yule aliyependekezwa na chama cha taifa kilicho mwanachama wake, mwenye uraia wa nchi anayoiwakilisha, mwenye leseni ya kimataifa ya mchezaji, na mwenye cheti cha mkanda mweusi kinachotambuliwa, ambacho kwa kawaida hutolewa na Kukkiwon, makao makuu ya mchezo huo jijini Seoul yaliyoanzishwa mwaka 1972. Mashindano ya wakubwa yanahitaji mchezaji anayetimiza angalau miaka 17 katika mwaka husika. Wenye miaka 15 hadi 17 wana daraja lao la vijana, na wenye miaka 12 hadi 14 wana lao.

Kufikia mkanda mweusi si jambo la msimu mmoja. Mwanafunzi huanza na mkanda mweupe na kupanda kupitia njano, kijani, buluu na nyekundu, akifanyiwa mtihani katika kila hatua. Kijana anayeanza akiwa darasa la sita anaweza kuwa tayari kwa daraja la wakubwa anapomaliza sekondari, endapo hakuacha njiani. Kwa wasichana, hatari ya kuacha njiani ni kubwa zaidi: mazoezi ya jioni yanayoisha giza limeingia, umbali wa kurudi nyumbani, kazi za nyumbani, na wazazi kutomfahamu mwalimu. Klabu inayotaka kuwa na wanawake watano wa uzito tofauti inalazimika kupanga saa za mazoezi kwa kuzingatia hayo, vinginevyo itabaki na kikosi cha wanaume na mapengo upande wa pili.

Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, ilimegwa kutoka Wilaya ya Rufiji. Ina sura mbili. Upande wa bara upo kandokando ya Barabara ya Kilwa, ambako kuna Bungu, mji wa Kibiti wenyewe na Mjawa, na kutoka huko basi hufika Dar es Salaam ndani ya saa chache. Upande wa pili ni delta, zenye kata kama Salale, Mbuchi, Msala, Maparoni na Kiongoroni. Huko Mto Rufiji hujigawa katika mikono mingi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, na msitu wa mikoko, mkubwa kuliko misitu yote ya mikoko inayoungana katika pwani ya Afrika Mashariki, umefunika zaidi ya hekta 50,000. Wakazi wake huishi kwa kilimo cha mpunga, uvuvi wa samaki na kamba, na mazao ya mikoko. Usafiri ni mtumbwi, mashua na boti.

Tofauti ya sura hizo mbili inaonekana wazi panapohusika kuunda timu. Kijana wa Bungu anaweza kuhudhuria mazoezi mjini Kibiti na kurudi kwao siku hiyo hiyo. Kijana wa Msala hufuata maji. Maji yakipwa, mifereji mingine haipitiki, na chombo husubiri hadi yajae tena. Wakati wa bamvua maji hujaa sana na kupwa sana, na wakati wa maji mafu mwendo wake huwa mwingine. Mchujo wa wilaya ukipangwa saa mbili asubuhi mjini Kibiti bila kutazama kalenda ya maji, wachezaji wa delta ama watasafiri siku moja kabla na kuhitaji mahali pa kulala, ama hawatafika kabisa. Kikosi kitakachoteuliwa kitaitwa cha wilaya, nacho kitakuwa cha barabarani tu.

Msimu nao una neno. Mwezi Aprili 2024 mafuriko makubwa yaliyakumba maeneo ya Kibiti na Rufiji, yakaharibu mashamba na makazi na kuwalazimu wananchi kuhama. Masika si wakati wa kuitisha mashindano katika bonde hili, na vipindi vya kupanda na kuvuna mpunga huwachukua vijana mashambani. Waandaaji wa mchujo wenye kuzingatia hali ya eneo huweka ratiba katika miezi ya kiangazi, baada ya mavuno.

Njia nyepesi zaidi kwa delta ni kuanzisha vikundi vya mazoezi katika kata zenyewe, mwalimu akiwafuata wanafunzi kwa awamu, badala ya wanafunzi kumfuata mwalimu kila wiki. Shule za msingi na sekondari zina viwanja na vyumba vinavyoweza kutumika baada ya masomo. Taekwondo haihitaji uwanja wa nyasi wala magoli, na eneo dogo la mchanga uliosawazishwa linatosha kwa mafunzo ya mwanzo ya hatua na mateke. Mikeka ya kuungana ndiyo gharama kubwa ya kwanza, na inaweza kusafirishwa kwa boti na kutumiwa na kata moja baada ya nyingine. Kijana aliyezoea kusimama kwenye mtumbwi akipiga pondo huja na mizani nzuri ya mwili; kuinua mguu hadi usawa wa kichwa cha mpinzani ni suala jingine, na hujifunzwa.

Ngazi ya mashindano ya shule nchini tayari ipo. UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari huanzia chini, hupita wilaya na mkoa na kuishia taifa, na hushirikisha wavulana na wasichana. Mashindano hayo yamejengwa zaidi juu ya soka, netiboli, mpira wa wavu, mpira wa mikono na riadha. Hata hivyo, walimu wa michezo wanaoyasimamia ndio wanaowajua wanafunzi wepesi wa miguu na wenye uvumilivu, na klabu ya taekwondo inayoanza bila kuzungumza nao hujinyima msaada mkubwa.

Chanzo kingine ni kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa iliyopo Kibiti, ambayo hupokea vijana wa kike na wa kiume kutoka mikoa mbalimbali. Majeshi kwa miaka mingi yamekuwa nyumba ya michezo ya mapigano nchini, hususan ngumi, na taekwondo ni miongoni mwa michezo ambayo baraza la michezo la majeshi duniani huiandalia mashindano. Ushirikiano kati ya klabu ya kiraia na kambi, kwa taratibu zinazoruhusiwa, unaweza kuziba pengo la uzito mkubwa ambao vijana wa shule mara nyingi hawaufikii.

Suala la fedha linahitaji kusemwa bila kuficha. Mikopo ya asilimia 10 inayotolewa na halmashauri kutokana na mapato ya ndani, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, imekusudiwa shughuli za kiuchumi, na klabu ya michezo isiyozalisha haiwezi kuitegemea kununua kinga. Kikundi cha kinamama au vijana kinachoshona mavazi ya mchezo na kuyauza kwa shule na klabu ni jambo tofauti, kwa kuwa huo ni mradi. Vifaa vya kuanzia vinavyohitajika ni kinga ya kichwa, kifua, mikono, miguu, kinena na meno. Vifaa hivyo, isipokuwa kinga ya kinena na ya meno, vinaweza kutumiwa na wachezaji kwa zamu, mradi visafishwe.

Usalama wa watoto hauna mbadala. Teke la kichwani ni sehemu halali ya mchezo, hivyo mwalimu anayewaruhusu watoto kupambana bila kinga ya kichwa anawaweka hatarini. Kwa kanuni za kimataifa, mchezaji aliyeshindwa kuendelea kutokana na pigo la kichwa haruhusiwi kupambana tena ndani ya siku 30, na klabu za wilayani zinashauriwa kufuata muda huo hata katika mazoezi. Dalili za kuangaliwa ni maumivu ya kichwa yasiyoisha, kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi usio wa kawaida na kusahau. Mtoto mwenye dalili hizo hupelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo, na katika vijiji vya delta hii ina maana kwamba chombo cha usafiri na mtu wa kukiendesha vijulikane kabla ya mashindano kuanza. Aidha, Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inamlinda mtoto dhidi ya ukatili wa aina yoyote. Adhabu za viboko na udhalilishaji kwa kisingizio cha nidhamu ya mchezo hazina nafasi, na mzazi ana haki ya kuhudhuria mazoezi na kumfahamu mwalimu wa mwanawe.

Watu wenye ulemavu wana nafasi yao. Taekwondo ya Paralimpiki ya mapambano huwahusu hasa wenye ulemavu wa mikono, kwa kuwa miguu ndiyo silaha kuu, na teke la kichwani halihesabiwi. Klabu inayoandikisha wanachama inaweza kuwapokea tangu siku ya kwanza bila kubadili chochote katika sehemu ya mazoezi.

Kwa wananchi wanaotaka kuanzisha klabu au kumwandaa mtoto, hatua ya mapema kuliko zote ni nyaraka za mchezaji. Umri na uraia huthibitishwa kwa pasipoti, na pasipoti haipatikani bila cheti cha kuzaliwa kinachotolewa kupitia Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Kwa aliyetimiza miaka 18 huhitajika pia utambulisho wa Taifa kutoka NIDA. Mchezaji anaweza kushinda mchujo wa wilaya, wa mkoa na wa taifa, kisha akaachwa kwa sababu jina lililo kwenye cheti cha shule halilingani na lililo kwenye cheti cha kuzaliwa. Marekebisho ya majina huchukua muda, na kwa familia za visiwani kila safari ya kwenda ofisini ina nauli ya boti na ya gari. Vyeti hivyo ni vyema vikaguliwe siku mtoto anapoandikishwa klabuni. Kwa aliye chini ya miaka 18, ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi huambatanishwa katika maombi ya pasipoti, na nakala yake hubaki katika kumbukumbu za klabu.